Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Vayoleti ya Afrika Nyumbani

Wakazi wengi wa Kisumu na Nakuru huamini kwamba vayoleti ya Afrika, ule mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau, waridi au meupe, ni mmea wa Ulaya usioweza kustahimili hali ya hewa yetu. Ukweli ni kwamba asili yake ni Afrika Mashariki: huota porini nchini Tanzania, hasa katika milima ya Usambara, na katika sehemu chache za Kenya kama vile milima ya Taita. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa Kijerumani huko Tanga, ndiye aliyeupeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Aina tunazonunua zimezalishwa ng'ambo kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini mahitaji yake bado ni ya mmea wa nyufa za majabali, penye kivuli cha msitu na unyevu usiotuama. Inasikitisha kwamba misitu hiyo inazidi kukatwa na jamaa zake wa porini wako hatarini.

Ushauri kuhusu dirisha ndio unaopotosha zaidi, kwa sababu vitabu vya Ulaya na Marekani husifu dirisha linalotazama kaskazini, ambalo huko halipati jua kali. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua hupita upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba, kisha upande wa kusini miezi iliyobaki, kwa hiyo ushauri huo hauna maana hapa. Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi hufaa mwaka mzima, ilhali la magharibi, kwa joto la alasiri la Kisumu, huunguza majani. Mmea ukirefusha vikonyo vyake kuelekea juu, unakosa mwanga. Majani yakipauka na kujikunja kuelekea chini, mwanga umezidi.

Husemwa pia kwamba maji yakigusa majani, mmea hufa. Porini majani hayo hunyeshewa na mvua. Kinachoacha mabaka ni maji yaliyo baridi kuliko jani, jambo la kuzingatiwa hasa Nakuru, ambako maji ya bomba asubuhi huwa baridi sana. Yakiachwa ndani ya nyumba usiku kucha huwa salama. Hatari nyingine ni maji yanayotuama katikati ya mmea na kuozesha kitovu chake. Kumwagilia kila siku ni kosa kubwa zaidi, kwani mizizi hukosa hewa na majani hulegea kana kwamba yana kiu, na mwenye mmea akaongeza maji tena. Subiri udongo wa juu ukauke.

Udongo mweusi wa nyanda za Kano karibu na Kisumu, hata uwe na rutuba kiasi gani, haufai, kwa kuwa hushikamana na kuifinya mizizi hii myembamba. Changanya mboji iliyoiva, mchanga wa chembe kubwa na makapi ya mpunga, ambayo hupatikana kwa wingi Ahero. Chungu kikubwa nacho hakiharakishi maua. Kipenyo cha theluthi moja ya upana wa mmea kinatosha. Yuria pia haileti maua, bali hunenepesha majani tu, na mara nyingi mmea usiochanua unahitaji mwanga kuliko mbolea.

Wengine hutupa mmea uliozeeka wakidhani hauna faida tena. Jani moja lenye afya, likikatwa pamoja na kikonyo chake na kuchomekwa katika mchanganyiko wenye unyevu kidogo, huota mizizi baada ya wiki chache, na baada ya miezi miwili au mitatu hutoa vimiche vinavyoweza kutenganishwa na kupandwa kila kimoja katika chungu chake.