Dimbwi Likikauka, Samaki Hajaisha

Masika yakishakolea, maji hutuama katika mabonde ya Unguja, na wiki chache baadaye madimbwi yale yanakuwa na samaki wadogo wenye mikia myekundu. Watu huuliza wametoka wapi, maana hakuna mto unaoingia hapo, na juzi tu palikuwa udongo mkavu uliopasuka. Wapo wanaoamini kuwa wameshuka na mvua. Hawakushuka. Walikuwa humo humo kwenye udongo, wakiwa mayai.

Samaki huyu anaitwa kitaalamu Nothobranchius guentheri. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1893, na kwao ni kisiwa cha Unguja. Urefu wake hufika sentimita 5 hivi. Dume ana mwili wa buluu inayoelekea kijani, magamba yenye kingo nyekundu, na mkia mwekundu uliotiwa ukingo mweusi. Jike ni wa rangi iliyofifia, jambo linalomsaidia asionwe upesi na kulasitara au mdiria.

Maisha yake ni ya haraka, kwa sababu maji hayamngoji. Hukomaa ndani ya wiki chache. Ndugu yake wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, amebainika kuwa anaweza kukomaa wiki mbili tu baada ya kuanguliwa. Dume humbana jike kwa mapezi dhidi ya tope, naye hutaga yai moja, kisha jingine, siku baada ya siku. Kila yai lina upana wa milimita moja hivi. Dimbwi likikauka, wazazi wote hufa.

Hapo ndipo panapoanza sehemu ninayoomba isomwe kwa makini. Tope lililofunikwa na maji halina hewa ya kutosha, kwa hiyo kiinitete, yaani samaki anayeumbika ndani ya yai, husimama kukua mapema kabisa. Udongo ukikauka na kupasuka, hewa huingia na ukuaji huendelea. Kinaweza kusimama tena katikati, moyo ukiwa umeshaanza kuumbika, na mara ya tatu kikiwa kimekamilika, kikisubiri maji tu. Mayai hayaendi kwa mwendo mmoja, hata yale ya mama mmoja. Mvua ya vuli ikidanganya, ikajaza dimbwi kwa siku chache kisha ikakatika, watakaoanguliwa watakufa, lakini mengine yatabaki udongoni. Bila mpango huo, msimu mmoja mbaya ungetosha kuwamaliza wote.

Kwa hiyo kukauka si balaa kwa samaki huyu, kunamlinda. Dimbwi likichimbwa liwe na maji mwaka mzima, kisha likapandikizwa perege au kambale, yeye ataliwa au atazidiwa. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi wanaofanya hivyo wana nia njema. Kufukia kwa kifusi, kuchimba mitaro ya kutoa maji na kumwaga sumu za mashambani kunajulikana kuwa ni madhara. Kuchimba dimbwi liwe na kina zaidi huonekana ni maendeleo.

Wengine huyaogopa madimbwi kwa sababu ya mbu. Hofu hiyo ina msingi, hasa siku za mwanzo maji yanapojaa na samaki bado ni wachanga mno. Wakishakua, viluwiluwi vya mbu ni sehemu ya chakula chao, pamoja na vijidudu vingine vya majini. Ukimwaga mafuta juu ya maji, unawaua hata hao wanaokusaidia.

Kwa wanaopanga barabara au nyumba katika mabonde: msikague eneo wakati wa kiangazi pekee, kwani hamtaona samaki hata mmoja. Rudini wiki 3 au 4 baada ya dimbwi kujaa, mkiwa na wavu wa mkono wenye matundu madogo, na mpitishe taratibu kando ya majani, karibu na tope. Wakipatikana, achieni bonde lile lijae na likauke kama kawaida yake, na udongo wa juu usizolewe hata kama umekauka kabisa, kwa kuwa kizazi kijacho chote kimo humo.