Daktari, Nipime Ubongo Kwanza

Ombi hilo nimelisikia mara tatu mwezi huu hapa Kisumu. Watu wameona kwenye simu kwamba kuna mashine inayosoma mawimbi ya ubongo na kukuchagulia dawa ya sonona. Utafiti upo, tena wa miaka mingi, lakini mimi bado siwezi kutazama mchoro wako nikasema wewe ni wa fluoksetini, jirani yako ni wa amitriptilini. Anayekutoza maelfu kwa kazi hiyo anakuuzia matumaini.

Mashine yenyewe, EEG, naiheshimu. Tena aliyenasa mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza alikuwa daktari wa akili kama mimi: Hans Berger, mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alikaa nayo miaka mitano ndipo akachapisha.

Kuna kijana wa bodaboda (nimebadili mambo kadhaa asijulikane) aliyeletwa na mamake kutoka upande wa Ahero. Miaka miwili walikuwa wamezunguka, kwenye maombi kwanza, kisha dawa za wazimu. Ghafla ananyamaza, anatafunatafuna midomo, ananusa mpira unaoungua ambao hakuna mwingine anayeunusa, halafu anatimka. Dakika mbili baadaye hakumbuki lolote. Alikuwa anameza kloropromazini, mojawapo ya dawa hizo za wazimu, na vituko vilizidi. Haikunishangaza, kwani dawa hiyo huweza kuurahisishia ubongo kushikwa na kifafa. EEG ilionyesha miiba, yaani mawimbi yenye ncha kali ambayo ni dalili ya kifafa, juu ya sikio la kushoto. Tukaipunguza kloropromazini polepole, tukaanza karbamazepini, dawa ya kifafa.

"Kwa hivyo si wazimu?"

"Ni kifafa, mama. Kuna kifafa kisichomwangusha mtu."

Lakini mchoro safi haumaanishi huna kifafa. Kipimo kimoja cha nusu saa hukosa takriban nusu ya wagonjwa, kwa hiyo masimulizi ya mama kama huyu nayapa uzito kuliko karatasi.

Wengine ninaowapima ni wanaotumia klozapini, nayo ni dawa ya wazimu. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo hatari ya kifafa inavyopanda. Mikono ikianza kushtukashtuka, naagiza EEG, nashusha dozi, au naongeza valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Karbamazepini hapo siigusi, maana yenyewe na klozapini zote mbili zinaweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Na valproeti simpi mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

Ukitumwa kupimwa, usiache dawa zako bila kuambiwa. Wigi na wiving zitoke, maana elektrodi zipatazo 20, vile vibati vidogo vinavyonasa mawimbi, lazima ziguse ngozi ya kichwa. Osha nywele, usipake mafuta. Nywele zilizosukwa mistari iliyoacha ngozi wazi katikati hazina shida. Mhudumu wetu huzipenda kuliko afro. Na njoo asubuhi, kabla jua halijawaka. Jasho nalo huchora mawimbi ya polepole, na mchana wa Kisumu umeshawahi kunipotezea mchoro mzima.