Malazi ni pale unapopata usingizi

Shuleni sote tulikariri: chakula, mavazi na malazi. Hilo la tatu limetoka kwenye kulala. Aprili 2024 tope la mlima Kawetele lilishuka Itezi, hapa jijini Mbeya, likafukia nyumba ambazo bati, milango na umeme vyote zilikuwa navyo. Mama mmoja aliyejenga kando ya korongo aliniambia mvua ikianza kupiga bati usiku, analala na viatu. Huyo ana nyumba, malazi hana.

Mvua zetu huanza Novemba, na kila zikikaribia malalamiko huongezeka ofisini kwetu halmashauri, tunakoshughulikia vibali vya ujenzi. Linalorudiwa zaidi ni hili: "Mbona kodi ya jengo nakatwa kwenye umeme wa LUKU, halafu mnaniambia nyumba haina kibali?" Jamani. Kodi ya jengo kukatwa kwenye umeme tangu 2021 ni njia ya kukusanya kodi tu. LUKU haijui kama umejenga kwenye mkondo wa maji. Na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa inaonyesha nani kamuuzia nani, haisemi kwamba pale panajengeka.

Utaratibu ni huu. Kibali huombwa kabla fundi hajachimba msingi, si nyumba ikifika kwenye lenta. Ombi huenda halmashauri likiwa na michoro ya nyumba, nakala ya hati au barua ya toleo (ofa ya kiwanja), na risiti ya kodi ya ardhi. Jengo la ghorofa huongezewa michoro ya nondo na zege. Michoro hukaguliwa na watu wa mipango miji, ardhi, afya na uhandisi, na kila mmoja anaweza kuirudisha irekebishwe. Ikirudishwa haijakataliwa, irekebishe uilete tena. Anayeanza bila kibali huandikiwa notisi ya kusimamisha ujenzi. Akikaidi, ukuta huchorwa X nyekundu, na anaweza kuamriwa abomoe kwa gharama zake mwenyewe. Kandokando ya mto ndiyo kabisa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60. Wapo wanaozipima kwa hatua za mtoto.

Tunaelewa kwamba viwanja vilivyopimwa ni ghali, na kwamba mtu hapandi mlimani kwa kupenda. Ndiyo maana urasimishaji upo, yaani kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango. Lakini urasimishaji haulainishi mteremko.

Baridi nayo. Juni na Julai watu huziba kila upenyo, wakaingiza jiko la mkaa chumbani na kulala nalo. Hewa yake haina harufu, na inaua. Mchoro usio na madirisha ya kupitisha hewa tunaurudisha kwa sababu hiyo, wala si ukorofi wa afisa afya.

Ukija kuuliza kuhusu kiwanja, njoo na namba yake na mchoro wa upimaji. Picha ya simu inayoonyesha majani na mbuzi haitusaidii.