“Haya ni masimulizi tu, data iko wapi?”

Kila ninapowasilisha mahojiano ya manusura wa tsunami, hakosekani mtu wa kusema hivyo. Data ndiyo hiyo uliyoishika mkononi!

Chukua Papua New Guinea, Julai 17, 1998. Tetemeko la ukubwa wa 7.0, kisha wimbi la zaidi ya mita 10 likafagia vijiji vya pwani ya Sissano na kuua watu zaidi ya 2,000. Tetemeko la kiasi kile halikutosha kuzua wimbi la namna ile, na modeli za kompyuta zilikwama hapo. Manusura walieleza mtikisiko, ngurumo, halafu maji, na muda uliopita katikati. Ukiyapanga maelezo yao, wimbi lilichelewa mno kuwa limezuliwa na tetemeko lenyewe. Meli za utafiti zilipopima sakafu ya bahari zikakuta kovu la maporomoko makubwa ya udongo. Tangu hapo maporomoko ya chini ya bahari yanapewa uzito katika kukadiria hatari ya tsunami.

“Lakini binadamu husahau.” Husahau saa, mfuatano wa mambo humkaa. Kwa mwenye hofu, sekunde 20 ni kama dakika nzima, ndiyo maana simuulizi mtu mtikisiko ulidumu muda gani. Namwomba arudie alichofanya: ainuke kitandani, ambebe mtoto, afungue komeo la mlango, nami nahesabu sekunde. Kisha tunakwenda wote ukutani anionyeshe maji yalifika wapi, nipime kwa futikamba. Na tafadhali, usiulize “maji yalirudi nyuma?” Umeshamlisha jibu. Uliza “uliona nini kwanza?”

Maana kuna wanaoamini bahari lazima ikauke kwanza ndipo tsunami ije. Desemba 26, 2004, manusura wa Thailand waliiona ikikauka. Sri Lanka maji yalianza kwa kupanda. Wote wamesema kweli: mashariki ya ufa wa sakafu ya bahari uliozua tetemeko lilitangulia bonde la wimbi, yaani sehemu yake ya chini, magharibi kilele chake. Ukiwa pwani na ardhi ikatikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, panda mlimani. Usingoje bahari ikupe ishara.

“Basi tutajieni siku ya tetemeko lijalo.” Hakuna awezaye. Ushuhuda hutuambia nini kimewahi kutokea, wapi, na kwa ukubwa gani. Maandishi ya Wajapani kuhusu wimbi la Januari 1700, lililowafikia bila mtikisiko wowote, ndiyo yaliyotupa tarehe ya tetemeko kubwa la pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini.

“Fanya kama alivyofanya aliyeokoka.” Aliyepanda mti akapona yupo, anasimulia. Wale ambao mti wao uling’oka hawapo wa kuulizwa. Kwa hiyo nawahoji pia waliozika ndugu zao, taratibu, wakiwa tayari: mara ya mwisho alionekana akielekea wapi, na alipatikana wapi.