Barafu haikuibii pombe

Kuanzia Desemba, Moshi inapofurika watu waliorudi nyumbani na Arusha jua linapokuwa kali mpaka jioni, kazi zangu nyingi ni za kuchanganya margarita, kinywaji cha ndimu na tekila (pombe kali ya Meksiko), kwenye sherehe za bustanini. Mbuzi yuko motoni, wageni ni ishirini au thelathini, mwenyeji ameshanunua tekila. Nikifungua tu deli la barafu, lazima mtu asimame nyuma yangu, mara nyingi shemeji wa mwenye nyumba: “Bosi, punguza barafu, weka pombe.”

Hii nimeisikia vya kutosha. Najua ilikotoka, maana zipo baa zinazojaza glasi barafu hadi mdomoni kisha zinamimina kinywaji cha kulowesha tu. Lakini margarita haipimwi kwa kuangalia glasi imejaa kiasi gani. Kipimo cha IBA, chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, ni mililita 50 za tekila, 20 za pombe tamu ya machungwa kama Cointreau, na 15 za maji ya ndimu yaliyokamuliwa muda huo. Zile 50 zikishaingia kwenye kopo la kutikisia, zimeingia. Weka vipande viwili vya barafu au jaza kopo zima, tekila inabaki 50, shemeji.

Kinachobadilika ni maji, na hapo ndipo watu wanapoelewa kinyume kabisa. Barafu haipozi kwa kukaa tu karibu na kinywaji. Inapoza kwa kuyeyuka. Gramu moja ikiyeyuka hunyonya joto la kutosha kushusha gramu 80 za maji kwa nyuzi moja. Kwa hiyo kuteremsha margarita moja kutoka nyuzi 25 hadi sifuri, gramu kama 25 za barafu lazima ziyeyuke, uwe umeweka vipande vitatu au kumi na vitatu. Maji hayo huyakwepi. Tofauti ni kwamba kopo likiwa limejaa, baridi inapatikana kwa sekunde kumi na tano za kutikisa kwa nguvu, chuma kinashika ukungu na kuuma viganja, unachuja, barafu iliyobaki unaimwaga. Ukiweka vipande vitatu utatikisa hadi mkono uchoke, kinywaji hakijapoa sawasawa, halafu vile vipande vinahamia kwenye glasi na kumalizikia humo mgeni akiwa bado anasalimia watu. Aliyebania barafu ndiye anayekunywa maji.

Tena usiyaogope maji yenyewe. Onja mchanganyiko kabla hujautikisa: tekila inachoma, ndimu inatia meno ganzi, utamu umekaa peke yake. Mililita 85 zilizoingia hutoka kama 110, na hayo maji ya ziada ndiyo yanayovipatanisha. Ndiyo maana nikiandaa ya watu kumi kwa mkupuo, natumia mililita 500 za tekila, 200 za Cointreau, 150 za ndimu, halafu namimina mililita 200 za maji safi ya kunywa mbele ya macho ya watu. Kelele zinazopigwa hapo! Mtungi unakaa kwenye friza saa mbili au tatu, ukitoka humo unamimina moja kwa moja kwenye glasi bila kutikisa chochote. Waliopiga kelele huwa wa kwanza kurudi na glasi tupu.

Ukitaka kugombana na barafu, gombana na barafu mbovu. Ile iliyopanda bodaboda kwenye mfuko wa plastiki juani ikafika inaogelea, hiyo kweli itaharibu kinywaji, kwa sababu inaingia na maji ambayo hayakupoza kitu. Imwage maji yake kwanza, uipanguse hata kwa kitambaa safi. Na barafu iliyolala jirani na sato kwenye friza moja inanuka sato. Hakuna tekila ya bei yoyote itakayoificha.

Mengine nayapitia haraka.

“Limau na ndimu si yale yale?” Hapana. Limau lina uchachu mpana usio na ule ukali wa ganda la ndimu, na margarita yake inapwaya. Ndimu kwenye soko la Kilombero, Arusha, au la Mbuyuni, Moshi, si kitu cha kutafuta kwa tochi. Chagua zenye ganda laini jembamba, zisukume mezani kwa kiganja kabla ya kukata, kamua siku hiyo hiyo. Kuhusu maji ya ndimu ya chupa sina la kusema, ila nikiyakuta mezani nayarudisha kabatini.

Chumvi: si pambo, inapunguza uchungu na kuamsha ndimu. Lakini chumvi laini ya mezani ikizungushwa mdomo mzima wa glasi inageuza kinywaji kuwa dawa ya kusukutua. Chukua chumvi ya mawe, itwange kidogo tu kwenye kinu, paka ndimu nje ya ukingo, na chovya nusu ya duara. Asiyetaka chumvi anywee upande wa pili.

Kuna chalii mmoja kila sherehe anayesisitiza tekila ni ya dungusi kakati. Si kweli. Inatoka kwenye agave ya buluu, ndugu wa karibu wa mkonge, huu huu ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Lakini usiende kukamua mkonge. Kisheria tekila ni ya Meksiko tu, jimbo la Jalisco na maeneo kadhaa ya majimbo manne mengine. Konyagi na ndimu ni kinywaji halali na nakipenda, sema usikiite margarita.

“Margarita ni ya akina mama, haileweshi.” Hii inanitia wasiwasi kuliko kunichekesha. Piga hesabu: mililita 50 za tekila ya asilimia 40 zina 20 za pombe tupu, na 20 za Cointreau zina 8. Jumla 28. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Glasi ndogo yenye chumvi pembeni imeipita bia kubwa, na inashuka kama juisi. Panga usafiri wa wageni mapema, na mtungi wa maji uwe mezani kabla ya mtungi wa margarita.

La mwisho ni rangi. Watu wanalipia tekila ya dhahabu wakidhani imekaa kwenye pipa. Iliyokaa inaandikwa: reposado ni angalau miezi miwili, añejo angalau mwaka. Dhahabu isiyo na neno mojawapo kati ya hayo mara nyingi ni rangi ya karameli tu. Soma lebo utafute “100% agave”. Isipoandikwa hivyo, hadi asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa inaweza kuwa imetoka kwingine, miwa kwa mfano. Ukiwa na hela ya chupa moja, nunua nyeupe ya agave tupu, chenji inunulie barafu.