142857 ni namba gani na kwanini tarakimu zake zinazunguka

Chukua kalkuleta, gawanya 1 kwa 7. Inakuja 0.142857142857... na haiishi, ni tarakimu sita zilezile zinajirudia tu. Hizo sita ndo 142857, na inaitwa namba ya mzunguko.

Izidishe mara 2 unapata 285714. Mara 3 ni 428571, mara 4 ni 571428, mara 5 ni 714285, mara 6 ni 857142. Angalia vizuri, tarakimu ni zilezile na zinafuatana vilevile, baada ya 1 ni 4, baada ya 4 ni 2, ila kila mara unaanzia pengine, kama watu sita wamekaa duara unawahesabu kuanzia kwa mtu mwingine. Ukizidisha mara 7 mzunguko unakatika, inakuja 999999.

Wengi wanaishia hapo wanasema ni muujiza, wengine mpaka wanaipa maana za kiroho. Mi naona utamu wenyewe uko kwenye sababu, na sababu ni kugawanya kule kwa mkono tulikofundishwa shule ya msingi.

Tugawanye basi. 1 haitoshi, weka sifuri iwe 10, saba inaingia mara 1 inabaki 3. 30, mara 4 inabaki 2. 20, mara 2 inabaki 6. 60, mara 8 inabaki 4. 40, mara 5 inabaki 5. 50, mara 7 inabaki 1, na 1 ndo tuliyoanza nayo kwahiyo yote yanaanza upya. Sasa acha majibu tazama mabaki: 3, 2, 6, 4, 5, 1. Ukigawanya kwa 7 mabaki ukitoa sifuri ni hayo sita tu, hakuna jingine, na yote yamepita kila moja mara moja! Kwahiyo 2 gawanya kwa 7 haianzi safari yake, inadandia hiihii pale baki lilipokuwa 2, ndo maana inatoa 0.285714... Na 3, 4, 5, 6 hivyohivyo, kila moja ina kituo chake njiani.

Ina mengine pia. Ikate katikati ujumlishe, 142 + 857 = 999. Ikate mbilimbili, 14 + 28 + 57 = 99. Izidishe yenyewe kwa yenyewe unapata 20408122449, kata hapo, 20408 + 122449, imerudi 142857.

Ila sio kila namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe, kama 7) inafanya hivi ukigawanya 1 kwayo. 13 inashindwa, 1/13 inajirudia baada ya tarakimu 6 wakati mabaki yako 12, yaani nusu hayajaguswa. 17 inaweza, mzunguko wake ni 0588235294117647, tarakimu 16 kamili, ila umeanza na sifuri. Na mzunguko wa namba tasa yoyote inayozidi 10 lazima uanze na sifuri, kwahiyo 142857 ndo pekee isiyo na sifuri mbele. Baada ya 17 kuna 19, 23, 29 na nyingine nyingi. Mwaka 1927 mwanahisabati Emil Artin alitoa dai ambalo likiwa kweli basi namba tasa za aina hii haziishi, na mpaka leo hakuna aliyelithibitisha.