Muundi haukuundwa ofisini

Dhana: "Muundi" ni neno la BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania), limetungwa kutokana na kuunda.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kazi yangu ni kufasiri na kuhariri maandishi ya hospitali. Kila nikiandika "muundi", yaani ule mfupa wa mbele chini ya goti, kwenye maelekezo ya mgonjwa aliyevunjika na kufungwa hogo, rasimu inarudi na ujumbe uleule: tuondolee hili neno la kamati, watu hawalijui, weka "mguu". Ukiuliza wamejuaje kuwa ni la kamati, jibu ni kwamba linafanana na "muundo".

BAKITA lilianzishwa 1967. Muundi limo katika kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Johnson ya 1939 likiwa na maana hii hii ya mfupa wa mbele wa mguu, kati ya goti na kifundo. Na hata hiyo 1939 si tarehe ya kuzaliwa kwake. Waganda wanasema omulundi. Wanyarwanda wanasema umurundi. Ni neno moja, na tofauti iliyopo ina maelezo: tangu zamani Kiswahili kina tabia ya kuidondosha l iliyo kati ya irabu. Njaa yetu ni enjala kwa Waganda na inzara kwa Wanyarwanda, ambao l hiyo kwao ni r. Mvua ni imvura huko Rwanda. Mguu wenyewe ni okugulu kwa Kiganda, ukuguru kwa Kinyarwanda. Irudishe l mahali pake: mguu unakuwa mgulu, muundi unakuwa mulundi, na undugu unaonekana bila miwani. Au tuseme kuna kamati ilikaa Dar es Salaam, ikatunga neno, kisha ikawapelekea Waganda?

Anayetaka ushahidi wa sarufi, nao upo. Muundi anayetokana na kuunda ni fundi, kama yule wa majahazi, na wingi wake ni waundi. Muundi wa mguu wingi wake ni miundi. Ngeli mbili, maneno mawili. Yamekutana kwenye umoja tu. (Wapo pia wanaosema Warundi waliitwa kwa jina la mguu. Nao nawaomba walete kitu zaidi ya sauti kufanana.)

Tukija kwenye hilo la "watu hawalijui": watalijuaje, ikiwa kila linapoandikwa mnalifuta? Nikibanwa sana huandika "muundi, yaani mfupa wa mbele chini ya goti", na hapo kila mtu ameelewa. Nisichokubali ni "mguu wa chini", kipenzi cha wafasiri wavivu. Mgonjwa aliyelala ubavu ana mguu wa juu na mguu wa chini, na muuguzi anayesoma kwa haraka ataelewa hivyo hivyo. Kama unataka sehemu yote, mbele na nyuma, andika "mguu chini ya goti". Ni maneno manne tu, wala hayahitaji kamati.

Dhana: "Mguu" ni kuanzia nyonga hadi kifundo, kinachokanyaga chini ni "wayo".

Wayo ni upande wa chini unaogusa ardhi. Mguu ni kiungo chote na pia ni kile kipande cha mwisho chenye vidole; kinachoamua ni muktadha. Anayetawadha anaambiwa aoshe miguu hadi vifundoni, na sijaona aliyepandisha maji mpaka nyongani. Gwaride likiamriwa "mguu sawa", visigino ndivyo vinavyokutana.

Dhana: "Chafu cha mguu" ni mguu wenye uchafu.

Mguu wenye uchafu ni mguu mchafu. Chafu hapa ni nomino: ile nyama iliyojaa nyuma ya muundi, ambayo wengi tunaiita shavu la mguu. Utaikuta pia kama tafu, na hilo lisikushangaze, kwa kuwa Lamu na Mombasa kucheka ni kuteka na kuchinja ni kutinda. Kwa wagonjwa mimi huandika "shavu la mguu", maana fomu yenye neno "chafu" huzua ugomvi mapokezi.

Dhana: Maneno ya mwili mengi tumeyachukua kwa Waarabu.

Damu ndiyo, roho ndiyo. Lakini paja, goti, muundi, kisigino, kidole, na mguu wenyewe, vyote ni Kibantu. Kiarabu kimetupa mengi; mguu tulikuja nao.

Dhana: "Ugoko" ni "goti" lililokosewa.

Hapana. Ugoko ni muundi kwa jina jingine, na wingi wake ni magoko. Mimi nimezoea muundi, lakini rasimu yenye ugoko naipitisha bila kuigusa.